Ditekta Shambani: Kwa Anayerudi Iringa au Mbeya Kutafuta Sarafu za Kale

Kabla hujaipanga ditekta, ile mashine ya kutafutia vyuma ardhini, kwenye sanduku pamoja na viatu vya watoto na simu za zawadi, shika mwaka mmoja kichwani: 1863. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, inahesabu kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya mwaka huo kuwa malikale. Kuchimba kwa nia ya kukitafuta bila kibali ni kosa, hata kama shamba ni la babu yako mzaa baba. Kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa jingine. Ndugu zetu walioko Uingereza ndio wanaojikwaa hapa, kwa sababu kule wamezoea utaratibu mwingine: mkulima akikuruhusu unaingia, na ukiokota hazina unatoa taarifa ndani ya siku 14 chini ya sheria yao ya 1996, kisha mara nyingi wewe na mwenye shamba mnagawana fidia. Nyumbani hakuna mgawo wa namna hiyo. Ukikuta cha kale, unaripoti.

Kwa hiyo tafuta sarafu za enzi za ukoloni, na hizo zinatosha kabisa kukufurahisha. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1890 kutoa pesa za shaba, upande mmoja tai, upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Pesa 64 zilikuwa rupia moja ya fedha. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikabadili hesabu, rupia ikawa heller 100, na midomo ya wazee wetu ikaifanya hela. Yaani ile hela unayotumiwa ujumbe kila mwisho wa mwezi uitume nyumbani, mama yake imelala huko shambani. Baadaye Mwingereza akaleta shilingi yake mwaka 1921, yenye simba na milima nyuma yake, na senti za tundu ambazo wengi wetu tulizikuta kwenye masanduku ya bibi.

Hizo zote ni za baada ya 1863, lakini usiende kimyakimya. Anza kwa afisa utamaduni wa wilaya na Idara ya Mambo ya Kale, ueleze unataka kufanya nini na wapi, na kibali chako kiwe cha maandishi. Halafu nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Mwisho kaa na wazee, uwaulize makaburi yako wapi, maana mengi hayana alama. Maeneo ya kihistoria usiyasogelee na mashine: Isimila, Kalenga, Mlambalasi alikofia Mkwawa mwaka 1898, na Lugalo alikompiga Mjerumani Agosti 1891.

Mimi hatua ya mwenyekiti niliiruka. Nilifika Ilula kwa baba mdogo, nikasalimiana na watu kamwene, kamwene, asubuhi yake nikaingia shambani na vipokea sauti masikioni. Kufika saa kumi jioni kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba kijana kutoka Ulaya ana mashine ya kuonyesha mali ya Mjerumani. Usiku ule watu waliingia na masururu. Kulipokucha, robo eka ya nyanya ilikuwa imefukuliwa, miti ya kuegemezea imelala chini, na baba mdogo amesimama katikati hasemi neno. Nililipa nyanya zile, lakini uso wake ule bado ninao.

Basi jua kwamba Nyanda za Juu Kusini zina homa ya rupia. Watu wameaminishwa kwamba Wajerumani walifukia masanduku ya fedha karibu na maboma na misheni, kwamba ndani ya rupia kuna zebaki nyekundu, kwamba kuna mnunuzi Dar anayelipa mamilioni. Wapo waliouza ng'ombe kumlipa mganga wa kuonyesha mahali. Wewe mwenye mashine ndiye unayeweza kuivunja au kuichochea homa hiyo. Chimba mchana, mbele ya watu, na kila kitakachotoka kipitishwe mikononi mwao: kipande cha jembe, kizibo cha soda, msumari. Waambie wazi kwamba heller za shaba zilitengenezwa kwa mamilioni na bei yake ni ndogo. Ya dhahabu ipo kweli, rupia 15 yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na kwa sababu ni adimu za bandia hazikosekani.

Kuhusu msimu, wengi tunarudi Desemba, na Desemba mahindi yameshaota. Njoo kati ya Julai na Oktoba, baada ya mavuno, au mwanzoni mwa Novemba shamba likiwa limelimwa na halijapandwa. Udongo wenye unyevunyevu kidogo husaidia mashine kusikia.

Udongo wenyewe ndio mtihani. Iringa na Njombe ni mwekundu, umejaa chuma. Rungwe ni wa volkano, na mawe yake meusi hulia kama sarafu. Mashine iliyowekwa kiwandani kwa mashamba ya Ulaya itapiga kelele kutwa. Chagua yenye kusawazisha udongo kwa mkono: unainua na kushusha koili, lile duara la chini la mashine, juu ya mahali pasipo na kitu, unarekebisha mpaka sauti itulie. Punguza na ukali wa usikivu. Utapoteza sentimita chache za kina, lakini utasikia vizuri. Sarafu moja inasikika hadi sentimita 15 au 20, basi. Anayekuambia yake inaona mita tatu anakuuzia ndoto.

Usipite kina cha jembe. Udongo wa juu umepinduliwa miaka na miaka, kilichomo kimeshahama mahali pake. Chini ya hapo vitu vimelala vilivyoachwa. Ukiona vigae vya vyungu, mkaa, au mavi ya chuma (masalia ya kuyeyusha chuma), simama, fukia, piga picha, ripoti. Huenda ni tanuru. Wakinga, Wabena, Wafipa na wengine waliyeyusha chuma huku kabla mzungu hajafika, na tanuru lililofukuliwa na mtu mwenye haraka halisemi tena lilifanyaje kazi. Pale Isimila zana za mawe zina umri wa mamia ya maelfu ya miaka, na ditekta ingepita juu yake bila kulia hata kidogo.

Maganda ya risasi ni ya kawaida, kwa sababu majeshi yalipigana huku mwaka 1916. Ganda tupu halina neno. Kitu kizito, kirefu, chenye ncha, usikiguse wala kukigonga. Weka alama, waondoe watoto, ita polisi. Na dhahabu ya Chunya ni habari nyingine kabisa: hiyo inaongozwa na sheria ya madini, na bila leseni usiiguse.

Ukiokota, usisugue. Siku ya tatu, tukiwa na mwenyekiti pembeni, nilitoa heller 10 yenye tundu, taji juu ya tundu, mwaka 1911 chini. Mke wa baba mdogo akaichukua kwa furaha, akaenda kuing'arisha kwa ndimu na majivu kama anavyofanya sufuria. Ikarudi inang'aa, na herufi za jina la koloni nusu zimefutika. Loweka kwenye maji safi, futa kwa kitambaa laini, kausha, basi. Ile rangi ya kijani ya shaba iache, inaikinga.

Kisha andika: tarehe, mahali, kina. Sarafu bila mahali pake ni kipande cha chuma tu. Makumbusho ya Iringa Boma wapo mjini, wapelekee picha. Yetu hatukuitoa nchini. Iko kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati la baba mdogo, pamoja na karatasi inayosema imetoka hatua 14 mashariki ya mparachichi, kina cha kiganja kimoja.