Nani atamdhuru mwenzake? Kufungua kompyuta kwa usalama, pamoja na somo la mashine za kwanza

Kabla sijamkabidhi mwanafunzi bisibisi, humuuliza swali moja: kati yako na mashine hii, nani anaweza kumdhuru mwenzake? Wengi hujibu bila kufikiri kwamba kompyuta ndiyo yenye umeme, kwa hiyo hatari iko kwake. Mwaka 1946 jibu hilo lingepata alama zote. Leo linapata nusu, na ile nusu nyingine ndiyo inayoua RAM (kumbukumbu ya muda) na madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) kimyakimya kwenye meza za mafundi. Kwa sababu hiyo sifundishi usalama bila historia. Mtu akishajua mashine za mwanzo zilijengwa vipi na ziliharibikaje, hana haja ya kukariri kanuni. Anaona mwenyewe zimetoka wapi.

Kuzima si kukata umeme

Tuanze na ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za elektroniki, iliyozinduliwa hadharani Februari 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia. Ilijaza chumba kikubwa: valvu za kioo zaidi ya 17,000, uzito wa tani 30 hivi, na umeme wa kilowati 150 hivi. Ndani ya valvu kuna waya mwembamba unaopashwa moto mpaka elektroni zinachomoka, halafu mamia ya volti yanazivuta kwenda upande wa pili. Hapakuwa na kibodi wala skrini. Wanawake sita waliopewa kazi ya kuipangia hesabu, Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman, walizunguka paneli hadi paneli wakichomeka nyaya na kugeuza swichi kwa mikono yao. Nawataja kwa majina kwa sababu kwa miaka mingi mchango wao haukutajwa, na kwa sababu waliijua mashine ile hadi kuweza kutambua valvu moja iliyokufa kati ya maelfu.

Mashine za aina hiyo hazikuzimwa ovyo. Tommy Flowers, mhandisi wa simu wa Posta ya Uingereza aliyebuni Colossus, mashine iliyofanya kazi kuanzia 1944 Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kuvunja misimbo ya siri, alikuwa ameshajua kutokana na mitambo ya simu kwamba valvu hufa zaidi inapowashwa na kuzimwa kuliko inapoachwa ikiwaka. Chuma na kioo hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na kila mara kitu kinachoka. J. Presper Eckert, mhandisi mkuu wa ENIAC, alilizingatia hilo, na zaidi ya hapo akaziendesha valvu zake chini ya kiwango cha umeme kinachoruhusiwa ili zidumu. Basi watu wale walikuwa na sababu ya kweli ya kufanya kazi kando ya mashine yenye umeme. Wewe huna. Nikimkuta mwanafunzi ameingiza mkono kwenye kompyuta huku kile kitaa kidogo cha madabodi kinawaka, namwondoa mezani kwanza. Maelezo yanafuata baadaye.

Utaratibu wangu ni mmoja, na siuvunji hata kama kazi ni kuongeza RAM tu. Zima kompyuta kabisa, usiiache katika hali ya usingizi (sleep). Chomoa plagi ukutani. Swichi ya nyuma haitoshi, maana swichi inaweza kuwa mbovu na wewe huoni ndani yake, lakini plagi iliyo mkononi mwako unaiona. Chomoa na nyaya nyingine zote, za skrini, printa, mtandao na USB, kwa kuwa kifaa chenye umeme wake kinaweza kuurudisha ndani kupitia waya. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde kumi hivi. Wakati mwingine utaona feni inatikisika kidogo au taa inameta mara ya mwisho. Huo ni umeme uliokuwa umebaki ukiisha. Subiri dakika chache. Kwa laptopu, fungua kifuniko cha chini na uchomoe waya wa betri kwenye madabodi kabla hujagusa kingine chochote. Tumia kijiti cha plastiki, kamwe si ncha ya bisibisi. Pete, saa na bangili ziwe zimevuliwa tangu mwanzo.

Mahali ambapo 1946 haijaisha

Sehemu kubwa ya kompyuta ya mezani inatumia volti 12, 5, 3.3 na chini ya hapo. Hizo haziwezi kukupiga. Lakini zipo pembe chache ambako hatari ya zamani bado inaishi, na hapo sitaki ujasiri wa mtu yeyote.

Ya kwanza ni pawa saplai, lile sanduku linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Ndani yake mna kapasita, vipande vinavyotunza chaji ya umeme, zinazobeba zaidi ya volti 300, na zinaweza kuendelea kuzibeba baada ya plagi kuchomolewa. Kile kitufe ulichobonyeza hakikupi uhakika wowote juu ya kapasita hizo. Kwa hiyo pawa saplai haifunguliwi. Ikifa inabadilishwa nzima. Najua wapo mafundi wanaozitengeneza, na wengine ni hodari kweli, ila huo ni ufundi wa elektroniki wenye vifaa vyake na mafunzo yake. Usiuanze kwa kuwa tu umekuta skrubu nne zinazofunguka.

Ya pili ni skrini nzito za zamani, zile zenye kioo kirefu kwa nyuma. Mwaka 1948 huko Manchester, Freddie Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill walitumia vioo vya namna hiyo kama kumbukumbu ya kompyuta. Nukta za chaji kwenye uso wa kioo zilihifadhi biti 1,024, na tarehe 21 Juni mashine yao ikaendesha programu iliyohifadhiwa ndani yake yenyewe, jambo ambalo kila kompyuta ya leo inalifanya. Kitu kinachoweza kutunza chaji hakisahau haraka. Skrini kubwa za rangi za aina hiyo hufanya kazi kwa volti 25,000 hivi, na kioo chenyewe ni kapasita inayoweza kubaki imejaa muda mrefu baada ya kuzimwa. Halafu ndani ni ombwe tupu: kikivunjika kinapasukia ndani na vipande vinaruka. Ukiletewa skrini hiyo, iache imefungwa.

Ya tatu haikuwepo enzi zile: betri ya lithiamu. Laptopu ikianza kuvimba chini, au sehemu ya kugusa inayotumika badala ya kipanya ikainuka, acha kuichaji papo hapo. Usiibonyeze irudi, usiitoboe kutoa hewa, usiing'oe kwa bisibisi. Izime, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, uipeleke kwa wanaopokea taka za elektroniki. Ikishaanza kutoa moshi, ondoka chumbani, kwa sababu moshi wake ni sumu. Na kile kibetri cha mviringo cha volti 3 kwenye madabodi, ambacho watu hukiacha mezani bila kujali, mtoto akikimeza kinaweza kumuunguza koo ndani ya saa chache tu. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali, si wa kusubiriwa.

Zebaki niiseme kwa ufupi. Kompyuta ya EDSAC ya Cambridge, iliyoanza kazi mwaka 1949, ilihifadhi data kama mawimbi ya sauti ndani ya mirija ya zebaki. Leo zebaki imebaki kidogo kwenye taa nyembamba zilizo ndani ya skrini bapa za miaka ya mwanzo. Usizivunje.

Leo wewe ndiye hatari

Desemba 1947, pale Bell Labs nchini Marekani, John Bardeen na Walter Brattain waliifanya transista ya kwanza, swichi ndogo iliyokuja kuchukua nafasi ya valvu, ifanye kazi. Mwaka 1958 Jack Kilby alionyesha saketi nzima ndani ya kipande kimoja cha semikondakta, yaani chipu. Mwaka uliofuata Mohamed Atalla na Dawon Kahng wakatengeneza transista ya MOS, ambayo mlango wake (sehemu inayoiwasha na kuizima) umetengwa na tabaka jembamba sana la oksidi. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300 hivi. Za sasa zina mabilioni. Kadiri transista zilivyosinyaa, lile tabaka nalo lilizidi kuwa jembamba, hadi likafikia nanomita chache.

Hapo ndipo meza iligeuka. Valvu haikujali umeme tuli uliotoka kwenye sweta ya fundi. Transista ya MOS inajali mno. Ukitembea juu ya zulia kavu au kuinuka kwenye kiti cha plastiki, mwili wako unaweza kubeba maelfu ya volti. Binadamu huanza kuhisi ule mchomo mdogo kidoleni umeme ukifika karibu volti 3,000. Kuna chipu zinazoharibika chini ya volti 100. Kati ya namba hizo mbili lipo eneo pana ambamo unaua kitu bila kusikia chochote. Na mara nyingine hukiui, unakijeruhi tu: RAM inawaka vizuri leo, inapita majaribio, halafu baada ya wiki kadhaa kompyuta inaanza kujizima bila sababu na mwenye mashine analaumu programu. Jeraha la namna hiyo ndilo ninalolichukia kuliko yote, kwa sababu halimfundishi fundi chochote, haoni alichokifanya.

Kwa hiyo vaa mkanda wa kifundo cha mkono, na klipu yake uibane kwenye chuma kisicho na rangi cha kasha. Utazame kwa makini: ndani ya waya wake kuna rezista ya ohmu milioni 1. Imewekwa kwa ajili yako. Chaji ya mwili inapita taratibu bila shida, lakini mkono ukigusa kwa bahati mbaya waya wa volti 230, rezista ile inazuia mkondo usizidi robo ya miliampea. Ndiyo maana mkanda wa kujitengenezea kwa waya mtupu ni hatari. Unakufunga moja kwa moja kwenye ethi. Na mkanda wowote ule hauvaliwi karibu na kitu chenye volti nyingi kilicho wazi.

Ukiwa huna mkanda, gusa chuma cha kasha kabla ya kushika chipu yoyote, na urudie kila unapoinuka na kurudi. Shika kadi kwa kingo zake, vidole visiguse sehemu za dhahabu. Kipande kikae ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli hadi dakika ya kukifunga. Usikilaze juu ya mfuko huo, kwa kuwa mingi hupitisha umeme kwa nje.

Mikono, vumbi na daftari

Eckert na wenzake waliweka sampuli za nyaya kwenye kizimba cha panya ili waone ganda lipi hawalitafuni, wakatumia zile tu zilizofaulu. Napenda sana habari hiyo. Walijua kwamba mashine haiharibiwi na hesabu ngumu peke yake, bali pia na viumbe na uchafu. Kwa hiyo kabla ya kusafisha, kagua kila waya kwa macho na vidole, hasa unapopinda.

Vumbi litoe kwa brashi laini na hewa ya kopo, kopo likiwa wima, na huku umezuia feni kwa kidole isizunguke. Ukimwondoa mpoza joto juu ya prosesa, usimvute juu. Washa kompyuta dakika chache kabla ya kuanza kazi ili pesti, ule uji mzito unaopitisha joto kati yake na prosesa, ilainike, fuata utaratibu wote wa kukata umeme, legeza skrubu kwa zamu za mshazari, halafu mzungushe kidogo kushoto na kulia mpaka uhisi pesti inaachia. Kwenye prosesa zenye pini, kuvuta kwa nguvu kunaing'oa kutoka kwenye soketi iliyofungwa, na pini zinapinda. Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi.

Halafu andika. Tarehe 9 Septemba 1947, saa 9:45 alasiri, mafundi wa mashine ya Mark II pale Harvard walimkuta nondo amenaswa kwenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) namba 70 ya paneli F. Walimbandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, wakaandika saa na mahali, na ukurasa ule bado umehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian. Nakutaka ufanye vivyo hivyo: saa, sehemu uliyoigusa, ulichokikuta, skrubu ipi imetoka wapi. Piga picha kabla ya kuchomoa waya wowote. Kosa likijitokeza siku nyingine, daftari ndilo litakalokuambia uanzie wapi.

Ukimaliza, hesabu skrubu. Inayokosekana huenda imelala chini ya madabodi ikingoja kusababisha shoti. Vua mkanda, rudisha nyaya, chomeka plagi mwisho wa yote. Washa huku kifuniko kikiwa bado wazi na mikono yako nje ya kasha, uangalie feni zote kama zinazunguka. Ukinusa kitu kinaungua, usihangaike na kitufe cha mbele wala usiinamie kutafuta moshi unatokea wapi. Chomoa plagi ukutani.