Somo: Kufuga ruhuka wa kahawa maabara

Ukitaka kupima dawa, kuvu wa Beauveria au nyigu wanaomshambulia ruhuka (mbawakawa mdogo anayetoboa matunda ya kahawa), usitegemee shamba peke yake. Matunda yakiisha mtini, wadudu wa kujaribia unawatoa wapi? Lazima uwe na wako, wa umri mmoja, wanaotoka kila wiki. Fanya kazi hii mahali ambapo ruhuka yupo tayari. Usimhamishie wilaya asikokuwepo.

Hatua ya 1: Mbegu, yaani wadudu wa kuanzia. Okota matunda yaliyotobolewa, ya mtini na ya chini, kutoka shamba lisilopigwa dawa. Tundu lake liko kitovuni, upande usio na kikonyo. Yatandaze kivulini juu ya chekeche. Yakianza kukauka, majike hutoka wenyewe; wakusanye kwa brashi laini. Ni mbawakawa weusi wasiofika milimita 2. Wale wa rangi ya kahawia bado wachanga, waache kwanza.

Hatua ya 2: Kusafisha. Jik ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu sita, inakupa nguvu ya asilimia 0.5. Wapitishe wadudu humo kwa muda mfupi, suuza kwa maji safi, wakaushe juu ya karatasi ya kunyonya maji. Jike akifa na kufunikwa na unga mweupe, huyo ana Beauveria. Mtoe haraka, maana chupa nzima inaweza kufuata.

Hatua ya 3: Punje. Wengi mambo yakiharibika hulaumu joto. Kwa maoni yangu mchawi ni unyevu. Tumia buni iliyomenywa na kuoshwa, ikiwa bado na ngozi yake ngumu ya ndani, yenye unyevu wa asilimia 45 hivi. Ikizidi, inaota ukungu. Ikipungua sana, jike anatoboa na kukaa tu bila kutaga. Huna haja ya kipimo cha bei. Tuseme buni yako iliyooshwa ina unyevu wa asilimia 53: gramu 1,000 zina gramu 470 za kitu kikavu. Kausha kivulini ukipima mara kwa mara, uzito ukifika gramu 855 simama hapo: 470 ni asilimia 55 yake, 45 iliyobaki ni maji.

Hatua ya 4: Kuwaingiza. Jike mmoja au wawili kwa kila punje, ndani ya chupa yenye mfuniko wa wavu mwembamba wa chuma (ruhuka ni fundi wa kutoboa, plastiki laini usiiamini). Weka gizani kwenye nyuzi 25 hadi 27. Chini ya nyuzi 15 hawakui.

Baada ya wiki nne hivi kizazi kipya kinakomaa. Pasua punje chache kila wiki uone mayai, viwavi na pupa walivyo. Mabaki yote yagandishe kwenye friza kabla ya kutupa.

MASWALI (na mahali yalikotoka)

Karagwe: Shikamoo mwalimu. Kwa nini nisitumie kahawa ya maganda iliyoko stoo? Ruhuka si wamo humo?

Marahaba. Wamo, na watakufaa kama mbegu. Ila punje ikishuka chini ya asilimia 13 hivi hawazaliani tena, ndiyo maana mkulima anahimizwa kukausha vizuri.

Mbinga: Nimepasua punje nikakuta majike kibao na dume mmoja mdogo. Kuna kasoro?

Hakuna. Kwa kawaida ni majike kama kumi kwa dume mmoja. Dume haruki, anapanda dada zake humo humo ndani. Jike anayetoka nje tayari amepandwa, kwa hiyo usihangaike kutafuta madume.

Moshi: Kafeini haiwadhuru?

Tumboni mwao wana bakteria wanaoivunja, akiwemo Pseudomonas fulva. Utafiti wake ulichapishwa 2015. Walipopewa antibiotiki, kafeini ilipita bila kuvunjwa. Anayechanganya antibiotiki kwenye chakula cha kutengeneza, badala ya kutumia punje, afikirie hilo.

Mbozi: Bungua mweupe, yule anayetoboa shina la kahawa, naye naweza kumfuga hivi?

Hapana ndugu yangu. Kiwavi wake hukaa ndani ya shina hadi karibu miaka miwili. Kata mashina yaliyoshambuliwa, yasimamishe kwenye banda la wavu, usubiri wapevu watoke mvua zinapoanza.