Somo: Kuzuia moto nyumbani msimu wa Krismasi, kwa sisi tunaoishi kwenye baridi

Salaam kutoka Minneapolis, ambako theluji imeshalala na watu wamejifungia ndani. Nyumba za huku huzibwa kila upenyo ili joto lisitoke, na moshi nao unakosa pa kupitia. Fanyeni haya kabla wageni hawajaanza kubisha hodi.

Hatua ya 1: Kirudishie king'ora cha moshi betri yake. Najua kwa nini uliitoa. Ulikaanga samaki, kikapiga kelele, ukapanda kwenye kiti ukakinyamazisha. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikivisha mfuko wa nailoni, nikausahau huko juu hadi Machi. Kinatakiwa kimoja ndani ya kila chumba cha kulala, kimoja kwenye korido ya vyumba hivyo, na kimoja kila ghorofa ya nyumba. Bonyeza kitufe cha kujaribia mara moja kwa mwezi. Kigeuze usome tarehe kilipotengenezwa. Kikifikisha miaka 10 kinabadilishwa chenyewe, si betri tu. Siku ya samaki washa feni ya jikoni, fungua dirisha kidogo, vumilia baridi.

Hatua ya 2: Hita. Ikae mita moja mbali na kitanda, pazia, kochi na zile soksi za watoto tunazopenda kuanika juu yake. Plagi iingie ukutani moja kwa moja. Hita nyingi za Marekani hula wati 1,500. Kwa umeme wa volti 120 hizo ni zaidi ya ampea 12, na ekstensheni nyembamba ya bei chee hupata moto hadi plastiki ikayeyuka, tena chini ya zulia usikoona. Ukienda kulala, zima.

Januari 9, 2022, huko Bronx, New York, hita mbovu iliwasha moto kwenye jengo la ghorofa 19. Walikufa watu 17, wanane kati yao watoto, na wengi walikuwa wa familia zenye asili ya Gambia. Moto wenyewe haukufika mbali. Moshi ndio uliopanda ngazi, kwa sababu milango iliyotakiwa kujifunga ilibaki wazi. Kwa hiyo ukilala, funga mlango wa chumba. Ukikimbia, vuta mlango nyuma yako.

Hatua ya 3: Karai. Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, ndiyo inayoongoza Marekani kwa moto wa jikoni. Wao wakimaliza bata mzinga wao, sisi tunaanza maandazi na sambusa. Sasa angalia: karai letu lina kitako cha mviringo, jiko la kioo ni bapa kama meza. Ukigeuza andazi, karai linayumba na mafuta yanalamba ukingo. Tumia sufuria ya kitako bapa, mafuta yasifike nusu, mpini uelekee ukutani. Simu ikilia kutoka nyumbani, zima jiko kwanza.

Mafuta yakianza kufuka moshi, yako karibu kuwaka. Yakiwaka, zima jiko, telezesha mfuniko juu yake, uache hapo hadi vipoe kabisa. Maji usithubutu: hugeuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta yanayowaka hadi kabatini. Wala usibebe sufuria kukimbilia nje.

Hatua ya 4: Mti na mishumaa. Mti wa asili umwagiliwe kila siku. Majani yakipukutika ukiugusa, utoe nje. Mshumaa usiwashwe chumba kisicho na mtu mzima.

Maswali ya wanachama

*Mama Pendo, Iowa:* Dada, king'ora kikifa ni juu yangu au juu ya mwenye nyumba?
*Jibu:* Sheria hutofautiana kwa jimbo. Mwandikie, hata kwa ujumbe wa simu, ubaki na ushahidi. Msalaba Mwekundu wa Marekani pia una mpango wa kufunga ving'ora bure; waulize wa eneo lako.

*Mkongomani wa Kentucky:* Umeme ukikatika, tunaweza kuwasha mbabula ya makala ndani na dirisha wazi?
*Jibu:* Hapana, ndugu yangu. Jiko la mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na dirisha halikuokoi. Oveni ya gesi nayo si hita. Laleni wote chumba kimoja na mablanketi. Mkianza kuumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, tokeni nje, mpige 911, namba ya dharura ya huku.

*Bibi wa Tanga:* Mwanangu, hata ubani wa Ijumaa?
*Jibu:* Shikamoo Bibi. Ubani ruksa. Kaa la mkaa moja dogo, chetezo juu ya trei ya chuma yenye mchanga, dirisha wazi. Lakini usikiache chini ya nguo ukaenda kuoga. Jivu limwagie maji, lilale nje kwenye kopo la chuma. Ndoo ya taka ya plastiki hapana. Vipo pia vyetezo vya umeme, ingawa najua utasema harufu si ile.

*Mgeni wa Baridi:* Kiingereza changu kidogo. 911 nitasema nini?
*Jibu:* Toka kwanza. Kisha taja anwani, halafu useme "Swahili". Vituo vingi vina wakalimani kwa simu. Bandika anwani mlangoni, watoto waikariri. Na usirudi ndani kuchukua chochote.

*Mgeni wa Baridi:* Hata grini kadi?
*Jibu:* Hata hiyo. Inaombwa nyingine.