Kukagua kiungo cha bogi na fremu ya behewa

Tabora ndipo reli ya Kigoma na ya Mwanza zinapokutana, na behewa la mizigo linalopita hapa hukaa juu ya bogi zake mbili, yaani fremu ndogo zenye magurudumu, kwa sahani ya kati, huku pini ya kati ikizuia bogi isihame mahali pake bila kuizuia kugeuka kwenye kona.

Chagua njia iliyonyooka na tambarare, weka kabari kwenye magurudumu ya bogi itakayobaki chini ya behewa, kisha fungua vyuma vya breki vinavyounganisha bogi na fremu. Inua behewa kwa jeki mbili, kulia na kushoto kwa pamoja, katika sehemu za fremu zilizotengwa kwa kazi hiyo tu. Usimruhusu mtu yeyote kuingia chini kabla behewa halijakalia stendi imara. Hapo sikubali haraka ya aina yoyote.

Bogi ikishatolewa, futa grisi yote ya zamani, kwa kuwa ufa mwembamba kama unywele hujificha chini yake, hasa pembeni mwa uchomeleaji. Tazama mng'ao wa sahani: ukiwa upande mmoja tu, uzito hauenei sawasawa, basi pima kwanza vibebeo vya pembeni, yaani vipande vya kila upande wa bogi vinavyozuia fremu isiinamie upande mmoja. Nafasi iliyobana kupita kiasi kati ya vibebeo hivyo na fremu hufanya bogi igeuke kwa shida, na ukingo wa gurudumu huanza kusaga reli ya nje kwenye kona.