Kuomba Tena Nafasi ya Kusomea Udaktari Baada ya Kuikosa

Kila mara KUCCPS (shirika la Kenya linalowapangia wahitimu wa sekondari nafasi za masomo ya juu) inapotoa majina ya waliopata nafasi katika vyuo vikuu, wapo wahitimu wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret ambao waliweka udaktari kuwa chaguo lao la kwanza na sasa wanajikuta wamepangiwa kozi nyingine, au hawakupangiwa chochote. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao na wazazi wao. Kuomba tena kwa matokeo yale yale, kwa njia ile ile, aghalabu ni kupoteza mwaka. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada yoyote, chukua hati yako ya matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na ubainishe ni kizuizi gani kilichokuzuia, kwa kuwa vizuizi ni viwili na havitatuliwi kwa namna moja.

Kizuizi cha kwanza ni gredi ya chini inayotakiwa katika somo mojamoja. Shahada ya tiba na upasuaji, ambayo huchukua miaka sita, hutazama Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili, na kwa kawaida hudai B katika kila mojawapo. Mwenye B ya kutoa (B-) katika Kemia haingii kwenye ushindani wenyewe, hata awe na A ya Historia na A ya Dini. Masharti hayo huonyeshwa katika tovuti ya KUCCPS chini ya jina la kozi na chuo, pamoja na pointi za mtu wa mwisho aliyepangiwa kozi hiyo mwaka uliotangulia. Fungua ukurasa huo wewe mwenyewe badala ya kumwachia mhudumu wa saiba akuchagulie kozi.

Kizuizi cha pili ni ushindani, na hapa ndipo wengi hawaelewi kilichowapata, kwani walitimiza masharti yote. Nafasi hutolewa kwa kufuata pointi za klasta, yaani kundi la masomo manne ambayo kozi hutazama; kila somo huwa na pointi kuanzia 1 kwa E hadi 12 kwa A, kwa hiyo upeo wake ni 48. Kanuni inayotumiwa na walimu wengi kukadiria pointi hizo ni hii: jumla ya pointi za masomo manne ya klasta hugawanywa kwa 48, jumla ya pointi za masomo saba hugawanywa kwa 84, majibu hayo mawili huzidishwa, kipeo cha pili cha zao hilo hutafutwa, kisha huzidishwa kwa 48. KUCCPS huzingatia pia jinsi watahiniwa wa mwaka huo walivyofanya katika kila somo, kwa hiyo hesabu ya nyumbani ni makadirio tu, lakini inatosha kwa kupanga mambo.

Tuchukue mfano. Mtahiniwa ana pointi 68 katika masomo saba, ambayo ni B ya kujumlisha (B+), na katika klasta ana Biolojia 11, Kemia 10, Hisabati 9 na Kiingereza 10, yaani 40. Makadirio yake ni takriban 39.4, na kwa udaktari katika vyuo vya umma ni nadra pointi hizo kutosha. Akirudia mtihani na kupanda pointi mbili katika Historia na mbili katika Jiografia, atafika kama 40.6. Lakini pointi nne hizo hizo zikipatikana katika Kemia na Hisabati, atafika kama 42.5, kwa sababu somo la klasta huhesabiwa mara mbili. Katika hali zote mbili gredi yake ya wastani imebaki B ya kujumlisha, na ndiyo maana kuwauliza jirani na jamaa "mtoto alipata ngapi?" hakusaidii sana katika jambo hili.

Kabla ya kuamua kurudia, jiulize kama matokeo yana somo moja ambalo limeshuka kwa namna isiyoeleweka ukilinganisha na mitihani ya majaribio. Ikiwa ndivyo, malalamiko hupelekwa kwa Baraza la Mitihani, KNEC, kupitia kwa mkuu wa shule, na muda wake huwa mfupi baada ya matokeo kutangazwa. Usitegemee sana njia hii.

Kurudia KCSE kunawezekana kwa kurejea shuleni au kwa kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ndiyo itakayokueleza vituo vinavyopokea watahiniwa hao, na usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo anayesubiri hadi Juni huwa amechelewa. Jisajili kwa masomo saba au zaidi, kwani bila saba hupewi gredi ya wastani. Tangu KCSE ya 2023 wastani huo hutokana na Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano uliyofanya vyema zaidi, jambo linalomwondolea mwanafunzi wa sayansi mzigo wa somo linalomvuta chini. Kumbuka pia kwamba kundi la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4, ambao ndio wenye KCSE, lilifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023 na linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Anayewazia kupumzika miaka kadhaa kwanza hana muda huo.

Binafsi ningemshauri mwenye uwezo wa kuchagua ajiunge na shule yenye maabara inayotumika kweli, hata kama ni shule ya kutwa isiyo na jina. Katika Kemia na Biolojia, karatasi ya tatu, ambayo ni ya vitendo, hubeba asilimia 40 ya alama zote, na anayesoma nyumbani kwa vitabu pekee huiendea bila maandalizi. Katika swali la kupima asidi na besi kwa bureti (mrija wa kupimia kimiminika), kwa mfano, alama hutolewa kwa kujaza jedwali kikamilifu, kwa kuandika desimali kwa namna moja katika vipimo vyote, kwa ukaribu wa kipimo chako na kile cha mwalimu, na kwa kutafuta wastani wa vipimo vinavyokubaliana. Aliyeandika 24.0 juu na 23.85 chini hupoteza alama kabla hata hajaanza hesabu. Mambo haya hushikwa kwa kurudiarudia, mkono ukiwa kwenye bureti, wiki baada ya wiki.

Kwa aliyepata C au C ya kujumlisha, kurudia huenda kusiwe njia ya busara, kwa kuwa safari ya kutoka hapo hadi pointi zinazotakiwa ni ndefu mno kwa mwaka mmoja. Njia nyingine ni diploma ya tiba ya kliniki katika KMTC, chuo cha umma cha mafunzo ya afya chenye matawi Nakuru, Kisumu, Kakamega na kwingineko, ambayo huchukua miaka mitatu. Afisa wa kliniki anaweza kuendelea hadi diploma ya juu katika taaluma maalumu au shahada ya tiba ya kliniki, na baadhi ya vyuo hupokea wenye diploma nzuri katika udaktari. Maombi hayo huenda moja kwa moja kwa chuo kikuu, si kwa KUCCPS. Usijiunge na diploma kwa ahadi ya mdomo kwamba "utavuka tu baadaye": omba masharti kwa maandishi kutoka ofisi ya msajili wa masomo. Na nisemavyo hivi sidharau kazi ya afisa wa kliniki, kwani katika vituo vingi vya afya vya magharibi mwa Kenya ndiye anayempima na kumtibu mgonjwa.

Wapo pia wanaolipiwa karo kamili na wazazi, ama katika vyuo vya umma ama katika vya kibinafsi kama Uzima kule Kisumu, na wapo wanaovuka mpaka kwenda Uganda. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba chuo kimeidhinishwa na Baraza la Madaktari, KMPDC, na kwamba gredi zako zinakubaliwa na baraza hilo, kwa maana mwanafunzi wa udaktari husajiliwa nalo angali masomoni. Kuna mawakala wanaokupa barua ya kukubaliwa ndani ya siku moja bila hata kuuliza gredi ya Kemia, na wepesi huo wenyewe unapaswa kukutia shaka.

Ukifika wakati wa kuomba tena, weka udaktari katika chaguo la kwanza kwa vyuo tofauti ambavyo pointi zake za mwaka uliopita zinatofautiana: Moi, Maseno, Egerton, Masinde Muliro na Kisii vyote hufundisha fani hii. Katika machaguo yanayofuata weka kozi ambayo ungeisoma kwa hiari, kama famasia, uuguzi au tiba ya kliniki. Mzunguko wa marekebisho, yaani kipindi cha kubadilisha machaguo, ukifunguliwa, ingia mapema, uangalie ni kozi zipi ambazo bado zina nafasi, na uchapishe nakala ya machaguo yako kabla ya kutoka kwenye tovuti.