Kucheza gemu mpya kwa 720p: inakubalika, ila shuka kwa akili

Wiki iliyopita mdogo wangu kaja na laptopu yake used, ina Intel HD 620 tu, kadi ya grafiki ya pembeni haina, skrini 1080p, anadai GTA V inakwama kwama mpaka anataka kuifuta. Nikamuuliza dogo unachezea resolusheni gani, yaani picha ina vidoti vingapi, akajibu kwa kujiamini kabisa "full HD kaka". Nikamwambia shusha basi, akanitazama kama nimemwambia avue shati msikitini. Eti 720p ni mambo ya kizamani, eti washkaji watamcheka. Sasa hili swali nimeulizwa mara nyingi mno, naandika hapa mara moja ninavyofanya mimi, anayetaka achukue.

Hesabu kwanza. 1080p ni pikseli (vidoti vya picha) 2,073,600 kwa kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zinazopita kwa sekunde, 720p ni 921,600, yaani mashine inachora chini ya nusu. 4K ndo balaa kabisa, karibu milioni 8.3, mara nne ya 1080p. Kwa mashine dhaifu hamna setingi nyingine moja inayorudisha fremu nyingi kama hiyo. Na wala sio aibu ya maskini: Call of Duty 4 ya 2007 kwenye Xbox 360 ilikuwa 1024x600 na watu wakaicheza sebuleni wakafurahi, Witcher 3 ilipoletwa Nintendo Switch mwaka 2019 ukiishika mkononi ilikuwa inahangaika kwenye 540p na kushuka, na Alan Wake 2 ya 2023 kwenye PS5, mashine ya hela ndefu, ukichagua modi ya fremu 60 kwa ndani inachora 847p halafu inaikuza. Kwa hiyo hata mwenye PS5 anachezea "chini", tofauti ni kwamba yeye ameshushiwa kwa ustadi na wewe unajishushia kwa hasira.

Ila kabla hujagusa kitu hakikisha resolusheni ndo ugonjwa wenyewe. Washa kaunta ya fremu (Steam, lile duka la gemu za kompyuta, inayo kwenye setingi zake), simama sehemu moja, soma namba, kisha shusha resolusheni mpaka mwisho hata picha iwe uji, soma tena. Namba ikiruka juu, basi grafiki ndo ilikuwa imelemewa, endelea kusoma. Ikibaki pale pale, prosesa ndo imekabwa au RAM imejaa, na hapo rudisha resolusheni yako juu maana unajiharibia picha bure, nenda kapunguze wingi wa watu na magari barabarani, punguza umbali wa kuona, funga na hicho kivinjari chenye tabu arobaini. Halafu hizi laptopu zetu zisizo na kadi, fungua uone kama RAM imewekwa moja tu na sloti ya pili iko wazi. Grafiki ya ndani inakula RAM ile ile ya kompyuta, ukiweka ya pili inapata njia mbili za kupitishia data. Mimi nilipoongeza niliona tofauti kuliko feni zote za kuweka chini nilizowahi kununua (tatu, usiniulize).

Haya, sasa kosa lenyewe. Watu wengi wanaingia kwenye menyu wanabadilisha resolusheni ya skrini kutoka 1920x1080 kwenda 1280x720, picha inakuwa kama umeangalia kupitia nailoni, wanasema "si niliwaambia 720p ni takataka". Skrini za siku hizi zina vitundu vyake vya kudumu, ukiipa 720p skrini ya 1080p kila pikseli inatakiwa ijaze kitundu kimoja na nusu, na nusu kitundu hamna, kwa hiyo inachanganya rangi za majirani na kila kitu kinalegea, kuanzia sura mpaka maandishi, ramani na namba za risasi. TV za kichogo za zamani hazikuwa na shida hii maana hazikuwa na vitundu vya kuhesabu hivo, ndo maana PS2 ilionekana tamu kule na ukiichomeka kwenye TV bapa inatia huruma.

Unachotakiwa kufanya ni kuacha resolusheni ya skrini ilivyo, halafu utafute setingi inayoitwa Resolution Scale au Render Scale, au 3D Resolution kama ni Fortnite. Hiyo inashusha ule ulimwengu wa gemu peke yake, maandishi na ramani vinabaki vikali. Kwenye GTA V imefichwa kwenye Advanced Graphics, inaitwa Frame Scaling Mode, weka 2/3 na skrini yako ya 1080p inachora 720p kwa ndani. Nakwambia dogo alivyoona hiyo aliuliza kama nimeongeza kitu.

Gemu likiwa na FSR, DLSS au XeSS, yaani njia za kuchora picha ndogo halafu kuikuza kwa akili, basi ni bora zaidi ya kushusha kavu kavu. DLSS ya Nvidia ndo inatoa picha nzuri lakini inataka kadi ya RTX. FSR ya AMD iliyotoka 2021, na FSR 2 ya 2022, hazichagui kadi sana, hata GTX za zamani za Nvidia zinaingia (FSR 4 ya 2025 ndo imetengenezewa kadi zao mpya, hiyo tuache). FSR ya kwanza inachukua fremu moja inaikuza na kuikaza, ya pili inaokota taarifa kwenye fremu zilizopita ndo maana inatoa picha safi zaidi, ila na yenyewe inataka nguvu, kwenye grafiki dhaifu sana unaweza kuwasha ukakuta fremu ulizopata zimeliwa na hiyo hiyo FSR. Pima, usiamini jina.

Na majina ndo yanadanganya kweli. Kwa FSR na DLSS, Quality kwenye skrini ya 1080p maana yake inachora 720p, Performance inachora 540p. Sasa jamaa mwenye monita ya 4K atakwambia "weka Performance bro, huoni tofauti", na hasemi uongo, kwake Performance inaanzia 1080p. Kwako wewe inaanzia 540p, hamko kwenye gari moja. Skrini ya 1080p usishuke chini ya Quality labda umebanwa kweli.

Kuna kitu kingine watu wanalalamika na wako sahihi: mbona gemu za 2011 kwa 720p zilikuwa safi na za sasa kwa 720p hiyo hiyo zina ukungu? Sio macho yako. Gemu nyingi za sasa zinalainisha kingo za picha kwa TAA, yaani zinachanganya fremu ya sasa na zilizopita, na waundaji wanaitegemea hiyo kuficha mambo mengi, nywele, majani, vivuli na mwanga vinachorwa nusu nusu halafu TAA inaziba mapengo. Pikseli zikiwa nyingi inaziba vizuri, zikiwa chache majani yanakuwa mboga ya kisamvu na mtu akikimbia anaacha kivuli cha mzimu nyuma yake. Ukikuta hivo ongeza kidogo Sharpening kama gemu inayo, kidogo tu, ukizidisha unapata kingo nyeupe kama picha ya studio ya miaka ile.

Pia zima Motion Blur, Film Grain, Chromatic Aberration na Depth of Field. Kwenye 4K hizo ni urembo, kwenye 720p zinakula taarifa chache ulizobaki nazo. Tekscha (michoro ya juu ya vitu, kama ukuta au nguo) usizishushe kwa mazoea, zinategemea memori ya video kuliko resolusheni, memori ikitosha ziache juu. Anisotropic Filtering weka 8x, gharama yake ndogo na barabara au nyasi za uwanja zinaonekana mpaka mbali. Vivuli na Reflections hizo shusha bila huruma.

Ukubwa wa skrini nao unaamua mengi kuliko watu wanavyodhani. 720p kwenye laptopu ya inchi 15.6 ni kama pikseli 94 kwa inchi, na monita ya inchi 24 ya 1080p, ambayo hamna mtu anaiita mbovu, ina 92. Steam Deck, ile mashine ya gemu ya kushika mkononi, yenye 1280x800 kwenye inchi 7 inapita 200. Sasa chukua 720p hiyo hiyo iweke kwenye monita ya inchi 27 mezani mbele ya pua, inashuka mpaka 54, hapo hata mimi nagoma. TV ya inchi 32 ukiwa umekaa kwenye kochi mita mbili na nusu haina tatizo, ila zile za HD Ready nyingi ni 1366x768 kwa hiyo usijichoshe kutafuta 4K humo. Punguza Sharpness ya TV, washa Game Mode, na kwenye ukubwa wa picha chagua Just Scan au Screen Fit ili isikate kingo.

Aina ya gemu nayo uiangalie. Mpira 720p freshi kabisa, kamera iko mbali na unachofuata ni mpira na rangi za jezi. Gemu za hadithi nazo zinavumilika ukikuza maandishi ya chini. Za kupigana risasi ndo mjadala, wachezaji wengi wa kulipwa wa Counter-Strike wanacheza 1280x960 imevutwa kujaza skrini kwa hiari yao, wakiwa na mashine za kutisha, ila CS ramani zake ndogo na maadui wanajitokeza wazi. Kwenye ramani kubwa kama Warzone adui wa mbali anakuwa pikseli tatu na wewe unakufa hujui kwa nini. Mpaka wangu mimi ni 540p kwa ndani, chini ya hapo naenda kucheza gemu ya zamani.

Ukimaliza usipime ukiwa umetazama ukuta ndani ya nyumba, hapo kila setingi inapita. Nenda katikati ya mji usiku, mvua inanyesha, endesha kwa kasi dakika kumi. Dogo tulimwacha kwenye skrini 1080p, Frame Scaling 2/3, vivuli chini, fremu anapata thelathini hivi na zimetulia. Jana kanipigia tena, sasa anataka niiwekee Cyberpunk. Nimemwambia aanze na RAM.