Jinsi ya kuitambua mibugu msituni bila kusubiri maua

Wengi wakikutana na mbugu (mmea wa kutambaa wenye shina la mbao) msituni wanakodoa macho juu kutafuta ua, hawalioni, wanaandika "mtambaa, haujulikani" kwenye daftari na kusonga mbele. Mnajipunja jamani, maana kwenye misitu mingi ya tropiki mibugu inaweza kufika robo ya mashina yote ya mbao.

Beba kisu kikali, lenzi ya mkononi, darubini na daftari, basi.

Hatua ya 1: fuata shina mpaka linapoingia ardhini. Shina moja linaweza kulala chini, likatoa mizizi, likapanda tena mti mwingine, usipoangalia utahesabu mmea mmoja mara tatu. Kipenyo pima sentimita 130 kutoka kwenye mzizi ukifuata shina linavyojikunja, siyo kimo kutoka ardhini. Mtaalamu wa mimea Alwyn Gentry alikuwa anahesabu kuanzia kipenyo cha sentimita 2.5 kwenye eneo la hekta 0.1, mi naona ni kiwango kizuri cha kuanzia. Na ukiona mizizi inashuka kutoka juu ikikumbatia mti, huo huenda ni mtini mnyongaji, siyo mbugu, achana nao.

Hatua ya 2: mbugu wenyewe unapandaje? Hapa ndo penyewe. Kama una vikono vya kujishikia, tafuta vinaanzia wapi: kikono kikitoka kwenye kifundo upande wa pili wa jani, hiyo ni familia ya mzabibu (Vitaceae), kikitoka kwapani mwa jani fikiria Passifloraceae (familia ya pasheni), na kama ncha ya jani lenyewe imegeuka kikono huku majani yanatazamana, hasa ukiwa Amerika, nenda moja kwa moja familia ya Bignoniaceae. Kulabu ngumu? Jenasi (kundi dogo ndani ya familia) za Uncaria, Artabotrys au Strychnos. Hauna chochote, umejisokota tu kwenye mti? Endelea.

Hatua ya 3: jani na utomvu. Chana jani polepole. Maziwa meupe na majani yanayotazamana ni Apocynaceae, humo ndo wamo akina Landolphia wenye mabungo. Vipande vikibaki vimeshikana kwa nyuzi nyembamba zinazovutika, hiyo dalili nzuri sana ya Salacia na ndugu zake. Jani linakwaruza kama msasa, jaribu Tetracera. Mishipa mitatu mikubwa inayoanzia karibu na kikonyo, majani yanatazamana, kulabu zimejiviringisha: Strychnos, na usionje kitu hapo, sumu ya strikinini imepewa jina kutokana na hao hao. Utomvu wowote usiufikishe machoni.

Hatua ya 4: mkato wa shina. Usiue mmea kwa ajili ya hili, tafuta kipande kilichoanguka, kikate safi kisha kiloweshe maji kidogo ndo utaona vizuri. Msalaba katikati ya mbao ni Bignoniaceae. Pete juu ya pete, mara nyingi zimeegemea upande mmoja, fikiria Menispermaceae kwanza. Vishina vidogo vimezunguka kimoja kikubwa ni Serjania au Paullinia. Shina bapa lenye mawimbi, mara nyingi Bauhinia.

Hatua ya 5: sampuli. Chukua jani la chini na la juu, yote mawili, maana mmea mchanga kivulini unaweza kuwa na majani tofauti kabisa na ya kule kwenye jua. Ya juu tafuta matawi yaliyodondoka baada ya upepo, ila hakikisha kwa darubini kwamba yametoka kwenye mbugu huo huo.